Mara Saba, Moja kwa Udongo

Maji yasichemke. Yawe ya moto wa kuvumilika,
uyapime kwa kiwiko kama unamwogesha kichanga.
Hivyo ndivyo alivyonifunza shangazi Siwema
kule Magomeni, alipokuwa akikanda wazazi wa arobaini,
nami nikishika chemli, nimeuma khanga nisicheke.

Leo niko Vingunguti, nyuma ya ghala la mabati,
nimepiga magoti juu ya gunia la sukari,
na aliyelala mbele yangu hajazaa.
Jina lake Bosko. Miaka tisa.
Nusu ya sikio kaiacha kwenye seng'enge,
na paja la nyuma, la kushoto, gumu kama kiporo cha ugali.

"Aliruka ukuta," anasema Mwasomola, mlinzi mwenziwe.
"Wezi wa nondo, usiku wa mvua.
Akawakosa. Alfajiri kaamka na miguu mitatu."
Kampuni imeshasema: sindano, Jumatatu.
Leo Alhamisi.

Sianzi na paja. Mbwa si unga wa chapati.
Unaanza shingoni, pasipouma,
umwache ainuse mikono, ayazoee mafuta ya nazi,
aamue mwenyewe kama wewe ni mtu.
Kisha bega. Kisha mgongo, kandokando ya uti,
si juu ya mfupa,
dole gumba likienda taratibu
kama anayetafuta sindano mkekani umeme umekatika.

Nikifika kiunoni ananguruma.
Kwa chini, kwa adabu.
Nasimama. Kiganja nakiacha palepale, sibonyezi,
joto lipige hodi lenyewe.
Hapo ndipo lilipo fundo. Naliona kwa ncha za vidole:
dogo, kaidi, kokwa la zambarau chini ya ngozi.
"Pole, mama," namwambia, naye dume.
Ulimi umezoea wazazi.

Semeni, niliyemkanda uzazi wake wa pili na wa tatu,
alinikuta sokoni Buguruni, akaitazama mikono yangu
kama anayetazama samaki wa juzi.
"Ndiyo hiyohiyo?"
Nikamwambia ndiyo hiyohiyo,
naiosha mara saba, moja kwa udongo,
kama tulivyofundishwa chuoni mimi na wewe,
na udongo wenyewe natembea nao mkobani,
kwenye kopo la maziwa ya unga.
Hakucheka. Wa nne alikandwa na mwingine.
Sikumlaumu,
ila usiku ule niliusikia ukimya wa vidole vyangu.

Ndege inashuka uwanjani, mabati yote yanatetemeka.
Bosko hata jicho hafumbui.
Mguu unarusha teke moja la ndotoni,
halafu ile pumzi,
ndefu, ya kutoka tumboni, mashavu yakipepea.
Naijua. Wazazi huitoa siku ya tatu au ya nne,
wanapochoka kuwa hodari.

Fundo halijaisha, nisidanganye.
Limelegea kidogo, kama kifungo cha suruali baada ya pilau.
Kesho tena, nasema, na keshokutwa,
na asiruke kitu, hata mfereji.
Na Jumatatu waambie waje waone kwanza.

Mwasomola haitikii.
Kakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, buti moja kavua,
miaka kumi na saba ya kusimama getini,
na dole gumba lake linatembea pembeni mwa goti lake mwenyewe,
kandokando, si juu ya mfupa.
Anadhani sioni.

Nafungua kopo.
Moja. Mbili.
Bosko ananyanyuka kwa miguu mitatu,
anafikiri,
kisha wa nne anaugusisha chini
kama anayepima maji.